Wati Kumi na Tano

Baba hakuuliza ina kasi gani.
Aliuliza kwenye simu, akikohoa kidogo:
"Inakula yuniti ngapi kwa siku?"
Nikajua mtihani ni huo mmoja.

Basi nikashuka Mtaa wa Rwagasore
na laki tatu na nusu ndani ya soksi,
na orodha nyuma ya risiti ya unga.

Bhoke, mwenye duka, ana ulimi wa asali na bei ya shubiri.
Akanitolea kasha jeusi lenye taa za kijani na zambarau,
feni tatu, linanguruma kama jenereta la harusini.
"Kompyuta hii ni mnyama," akasema.
Nikamwambia wazazi wangu hawafugi mnyama wa aina hiyo,
walishindwa hata mbuzi wa kisasa.

Nyumba yao iko Bwiru, imeegemea jiwe
kama mgonjwa anavyoegemea ukuta.
Jioni za usubi, wingu likiinuka ziwani,
mama huzima taa zote, tunakula kwa kupapasa,
na asubuhi anafagia dirishani debe zima la mabawa.
Sasa niambie, Bhoke,
feni tatu zitavuta nini pale kama si usubi?
Wiki mbili tu, juu ya prosesa kutakuwa na uji.

Akacheka. Akaingia stoo.

Akatoka na kiboksi kisichozidi mkate,
kimetoka, anasema, kwenye ofisi iliyohama.
Hakina feni; mgongo wake ni mbavu za bati
zinazopumua joto polepole.
Wati kumi na tano. Nikaandika.
Ramu, giga nane: nne zingetosha,
lakini mama ana tabia ya kufungua kila kitu asifunge,
kabati, sufuria, mazungumzo.
Diski ndogo, isiyozunguka,
kwa sababu umeme wa Bwiru hukatika bila hodi
na diski inayozunguka haipendi kushtuliwa.

Kwenye kioo nilipunguza, nikajuta, nikarudisha.
Inchi kumi na tisa, kimekwaruzwa pembeni:
hesabu za kikoba lazima mama azione
bila kuazima miwani ya Nkwimba wa jirani,
ambaye akikuazima miwani hukuazima na masikio.

Kibodi sikubishania bei.
Baba aliacha vidole viwili kwenye mashine ya kuchambua pamba,
mwaka ambao mimi nilikuwa bado tumboni.
Nilijaribu vitufe kwa vidole vitatu, viwili nimevikunja,
kibodi moja baada ya nyingine, mpaka Bhoke akanyamaza.
Nikapata moja nzito, ya zamani, vitufe virefu kama magunzi.
Kipanya akanipa bure. Hakusema kwa nini.

Jumapili nikaunganisha waya mezani, chini ya kalenda.
Nikabonyeza. Kioo kikawaka samawati.
Mama akapiga kigelegele kifupi, cha majaribio.
Baba akakunja uso.
"Mbona haingurumi?"
Nikaeleza: haina feni, haina kinachozunguka,
ukimya huu nimeutafuta mji mzima.
"Kiwandani," akasema, "mashine ikinyamaza
ujue na mshahara umenyamaza."

Akavuta kiti. Akaweka kile kiganja cha vidole vitatu
juu ya mbavu za bati,
akakiacha hapo, kama anayempapasa kuku kujua kama ana yai.
Ukutani, mita ya luku ilipepesa taa yake nyekundu,
polepole, polepole kuliko moyo wa mtu aliyelala.

"Ina joto," akasema. "Kidogo."
Halafu, kwa mama: "Lete kile kitambaa cha redio."

Nikafungua mdomo: isifunikwe, itakosa pumzi.
Kitambaa kilikuwa cha kufuma, cheupe, kimejaa matundu.
Nikayapima kwa jicho.
Nikafunga mdomo.