Mtu wa Karatasi

"Kampuni iko mtu, mama,"
aliniambia Bwana Maganlal, mhasibu wa Melton Road,
kwa Kiswahili chake cha dukani Kisumu
alichokipakia mwaka wa sitini na nane
pamoja na mizani ya shaba.
"Iko mtu. Inaweza dai, inaweza daiwa,
inaweza kuwa na gari yake. Kuumwa tu haiwezi."

Nje, Leicester ilinyeshewa na ile mvua yake
isiyolowesha wala kukoma.

Basi nikamzaa, usiku wa Jumatatu, mezani jikoni,
kati ya mtungi wa haradali na ndimu zilizopasuliwa.
Nikamwandikia jina: Achari za Mwanaheri.
Nikamwandikia anwani, yangu,
maana hakuwa na pengine pa kulala.
Nikalipa ada kwa kadi.
Jumanne saa nne asubuhi cheti kikafika.
Unga wa mahamri niliouacha uumuke
ulikuwa bado haujagusa ukingo wa bakuli.

Mie, karatasi zangu zilichukua miaka kumi na moja.
Mawakili wawili. Bahasha zenye kidirisha cha plastiki
nilizojifunza kuzisoma kwa unene, kabla ya kuzifungua.
Huyu hakuulizwa katoka wapi.
Hakuulizwa anaogopa nini akirudishwa.

Kisha akaja Bi Hargreave wa halmashauri,
viatu kavifunika mifuko ya buluu,
akalidunga friji langu kipimajoto. "Nyuzi nne. Vizuri."
Akanifundisha: haradali iandike kwa herufi nzito,
kwa ajili ya mtu mmoja usiyemjua,
ambaye koo lake litafunga.
Sikuwahi kudhani sheria humfikiria mtu
kabla hajaonja.

Nikamuuliza Maganlal: na akifa?
"Ikifa, deni inakufa na yeye.
Kama hukuweka sahihi yako benki, nyumba hapana guswa.
Ndiyo kazi ya ile Limitedi, nyuma ya jina."

Nikamkumbuka baba, kwenye jeneza, chini ya kanga mpya;
kaka Athmani kasimama mbele ya watu:
"Mwenye kumdai marehemu ajitokeze."
Akajitokeza mwenye mbao. Akajitokeza mwenye misumari.
Tulilipa miaka mitatu,
na cherehani ya mama ikaenda.

Usiku huu mtu wangu wa karatasi anadaiwa chupa mia nne,
na duka la Evington limerudisha katoni sita.
Nalijua lile neno nyuma ya jina. Nimelisoma mara mbili.
Lakini mwenye chupa ni Trevor,
aliyenikopesha akinitazama machoni,
nami nimekwisha mwambia, kwa mdomo, bila shahidi:
huyu akifa, njoo mlangoni kwangu.
Maganlal asijue.
Anwani Trevor anayo.
Iko kwenye daftari la serikali,
kila mtu aweza kuisoma.