Gunia la Nne

Darasa la nne letu,
shule ya Mahuta kwetu,
vitabu vyake vitatu,
vyote vimo kabatini.

Ufunguo wa kabati
Mkuu hatoi, eti
mikono haitakati
kwa mabibo ya shambani.

Nami sikumlaumu,
vitabu kwetu adimu;
na hamu haina zamu,
haisimami foleni.

Yuko mtoto Somoe,
ngoja niwasimulie:
ukisema atulie,
watwanga maji kinuni.

Ubaoni nikiweka
maneno ya kuandika,
macho yake yameruka,
yashapita dirishani.

Msimu ulipofika,
korosho zikaanguka,
baba yake akaweka
magunia barazani.

Na kalamu ya kuchora
jina na daraja bora
akaisahau; mara
kwa Somoe mkononi.

Gunia la kwanza: "Ndoo
ilichoka kila leo
kubebwa bila kituo
kuchota maji bondeni."

La pili: "Ikanyanyuka,
mlangoni ikatoka,
utambo ukialika
nga, nga, nga, kule gizani."

La tatu: "Ikasikia
nyuma nyayo zatembea.
Ndoo ikageukia,
ikaona..." Na pindoni

nafasi ikamwishia.
Baba akayapakia
kwenye guta, hakujua,
akafika mizanini.

Mpimaji, Mfaume,
kalamu chini, asome;
foleni ya wanaume
yamngojea juani.

"We Chilumba!" akapaza,
"Gunia la nne kwanza!
Sipimi, hujamaliza.
Ndoo imemwona nani?"

Chilumba akashangaa
(utotoni hakukaa
dawatini hata saa),
akasema, "Ndoo gani?"

Basi yakasomwa wazi,
la kwanza, la pili; kazi
ikalala; wapagazi
wakakaa guniani.

Huyu akabisha: "Fisi!"
Yule kasema: "Polisi!"
Mwingine: "Mvua, upesi,
yaifuata njiani."

Naye Mkuu, kwa kuwa
analima, sawasawa
alingoja kupimiwa,
ufunguo mfukoni.

Jioni akarejea
Chilumba. Akasinyaa
mtoto, kangojea
fimbo. Kaitwa: "Njoo ndani."

Gunia jipya kampa
na kalamu; kisha hapa
akaketi, akaapa:
"Silali hadi mwishoni."

Taa yao ikazima,
Somoe hakusimama;
tochi ya simu ya mama
akaishika menoni.

Magunia yakaenda
Mtwara, vumbi lapanda;
kuli mmoja kapenda,
akayasoma melini.

Nasikia huko ng'ambo
wamelijadili jambo:
"Mwenzangu, ni lipi fumbo
la ndoo ile ya pwani?"

Hapo chumvi nimetia.
Nanyi mwaweza kutia
kiasi; ikizidia
huwa chungu ulimini.

Jumatatu akafika
Mkuu. Likafunguka
kabati. Akatamka:
"Mikono? Ioshwe ndooni."

Vitabu vile vitatu
vikaisha siku tatu;
nikasema: "Sasa vyetu.
Andikeni, andikeni!"

Nyuma ya kila risiti,
kalenda na mapakiti
ya chai; na Hasanati
kaandika mkononi.

Makosa nikayaona,
herufi zimeachana;
kalamu nyekundu sina,
nimeiacha nyumbani.

Tangu hapo baba mtu
huomba herufi tatu
kwa siku; na jana kwetu
alisaini shuleni.

Si dole gumba la wino:
jina zima, lina meno
mfano wa msumeno,
likakwaruza mezani.

Na wewe unayesoma,
hujakosa ya kusema:
hata ndoo ya kisima
ina kisa chake ndani.

Na mwisho wa ile ndoo?
Upo kwenye masikio
ya Chilumba. Wako nao?
Haya: ilimwona nani?