Ukaguzi wa Mikwaju

Mia moja na kumi na nane.
Nimeiandika kwa wino wa kijani, wino wa kazini,
pamoja na tarehe, upepo, na soksi nilizovaa.

Wizara ilipohamia Dodoma nilihama nayo
na begi la fimbo alizoniachia shemeji yangu Mwesiga,
aliyesema gofu ni mchezo wa subira.
Hakusema subira ya nani.

Uwanja wetu una mashimo tisa; tunauzunguka mara mbili.
Nyasi utaziona Machi.
Baada ya hapo ni udongo mwekundu, visiki vya migunga,
na mavi ya mbuzi makavu, ambayo kwa mbali
kila moja ni mpira wangu.
Penye shimo hapana kijani: ni mchanga
uliolainishwa kwa oili chafu ya trekta,
husawazishwa kwa kipande cha reli kinachovutwa na kamba.

Miaka miwili nilipiga kwa hasira ya mtu aliyekatwa posho.
Fimbo kubwa ilitoka kwanza, siku zote.
Mpira ukapinda kulia, ukavuka korongo,
ukatua katika zabibu za Mama Sechelela,
naye akaniuzia tena, mia tano, bila kutabasamu.
Nadhani uzio wake mpya nimeujenga mimi.

Ndahani hunibebea begi Jumamosi;
siku nyingine anasomea uchomeleaji.
Huzungumza kama anayelipia kila neno.
Siku ile, nikiwa ndani ya miiba,
nikilenga tundu kati ya matawi mawili
ambalo hata chiriku angeliingia kwa woga,
akaniambia: "Toka kwanza."
Nikapiga. Mti ukanirudishia mpira mgongoni.
Akasubiri nimalize kujipapasa.
"Bosi, si wewe ni mkaguzi?
Umewahi kujikagua?"

Usiku nikafungua daftari, nikachora safu.
Mikwaju ya kusukuma mpira karibu na shimo: arobaini na sita.
Adhabu: kumi na moja.
Kutoka miibani kwa ushujaa: sitaji, nina watoto.
Na fimbo kubwa, bibi harusi wangu, ilinyooka mara mbili.

Nikacheka peke yangu jikoni.
Miaka ishirini na moja nawaambia wakurugenzi:
msitafute mwizi kwenye daraja,
mtafuteni kwenye chai na mafuta ya pikipiki.
Haba na haba hujaza kibaba,
na kwa tundu dogo hilohilo kibaba huvuja.

Basi fimbo kubwa nikaivingirisha khanga kuukuu,
nikaiweka juu ya kabati. Haikulia.
Jioni, sakafuni, namsukumia mpira
kikombe kilicholazwa ubavu.
Saruji haina huruma, mchanga una kiasi.
Mabega yanapembea, mikono inalala,
macho yanabaki pale mpira ulipokuwa
hata baada ya kuondoka.
Hilo la macho lilinichukua mwezi mzima.
Mke wangu, Nkamba, anaruka fimbo akipeleka mboga
na kuuliza kama ni ugonjwa au ni cheo.

Agosti. Upepo wa Dodoma unaokuja na changarawe.
Shimo la saba, mkono wangu ukaingia begini
kuitafuta isiyokuwepo.
Ndahani akatazama Mlima Simba, kwa adabu.
Nikatoa namba saba. Fupi. Katikati.
Fupi tena. Katikati tena.
Mama Sechelela alisimama uzioni kwake
kama mfanyabiashara aliyepoteza mteja.

Mwisho nikajumlisha: mia moja na nne.
Nikajumlisha tena, toka chini kwenda juu.
Nikampa Ndahani alione karatasi.
"Shimo la pili," akasema,
"mpira ulitikisika ukiuegemeza fimbo.
Wewe uliona. Mimi niliona."

Upepo ulikuwa unageuza kurasa.
Nikaipiga nne mstari mmoja, isomeke,
nikaandika tano,
nikatia sahihi pembeni, kama taratibu zinavyotaka.