Asilimia Sita

Kazini, ghala la ushirika, napima korosho.
Nachoma kipimo gunia kwa gunia,
mshale ukipita kumi nasema: rudisha, ikaanikwe.
Wamenitukana mpaka ukoo.
Mzee Nambunga alikitemea mate kiatu changu.
Unyevu hauna undugu, nilimwambia,
nikafuta kiatu.

Nyumbani, Mtanda, nina gitaa.
Nililinunua kwa mwalimu Kasmiri alipohamia Ndanda,
kwa bei ya magunia mawili na deni ambalo halijaisha.
Masika yake ya kwanza likavimba tumbo.
Nyuzi zikapanda juu ya shingo,
kuzibana ni kama kubana senyenge;
daraja likaachama, ukucha unapita,
na ndani ya tundu harufu ya kanzu iliyokunjwa mbichi.

Nikasema: hili nalijua. Hii ni korosho tu yenye nyuzi.
Msimu ulipofunguliwa nikalibeba hadi ghalani,
nikalilaza juu ya magunia makavu,
juu bati linatokota mchana kutwa.
Siku ya tisa, nikiwa napima, nikasikia
tak.
Kama mtu amevunja njiti ya kiberiti sikioni mwangu.
Ufa, kutoka daraja hadi mkiani,
mwembamba, ulionyooka, kama umepigiwa rula.

Mwalimu akacheka kwenye simu, kisha akanyamaza.
Korosho unaikausha ukauze, akasema.
Ubao wa gitaa bado unakunywa, ila kwa kijiko.
Hamsini. Ikizidi sana, kausha; ikipungua sana, nywesha.

Ndipo nikaanza ulezi.
Kipimo kidogo cha ukutani, nilichokiagiza Dar.
Mkaa kikapuni. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu,
nimeviomba maduka yote ya karibu na soko,
wananiita Bwana Usile, kwa maandishi yaliyo juu yake.
Mchele ndani ya soksi;
Somoe akauliza, "Soksi ishibe, sisi tusubiri?"
Chumvi nilijaribu. Chumvi ya Lindi
inalia yenyewe kabla hujaipa habari.
Kiangazi, sponji iliyokamuliwa sana
ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu.
Na chumba cha mbele nikakitoa chote:
dirisha la kioo, plasta mpya, mlango usioachwa wazi.
Hamsini na mbili.
Nikalala usingizi wa mtu aliyelipa ada.

Machi, mvua haijui kumaliza.
Binti yetu, Nuswe, alichukua kipimo akakichezea,
akakisahau rafuni kwa mama, chumba cha uani.
Niliingia na uji
nikakisoma bila kukusudia, kama ninavyosoma kila kitu:
themanini na tisa.

Ukuta wake ulikuwa na kijani hadi kiunoni.
Kikohozi changu nilichokipa jina la uzee.
Nasema changu, maana nimekizoea kuliko yeye.
Nikaligusa blanketi kwa mkono wa kazini,
mkono uleule unaorudisha magunia ya watu,
nikakosa wa kumwambia rudisha.

Tulimhamisha siku hiyohiyo, kitanda, sanduku, chungu cha dawa.
Hakuuliza sababu.
Alilitazama gitaa pale ukutani, akasema,
"Na huyu mwenzangu, anakoroma?"

Asubuhi kipimo kilisoma hamsini na nane.
Nikanyoosha mkono kwenye kikapu cha mkaa, niongeze.
Mama alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo,
anapumua kama mtu anayehesabu polepole.
Nikaelewa zile sita zimetoka wapi.

Mchele wa soksi Somoe ameupika.
Ulikuwa na ladha ya soksi. Tumekula.
Uzi wa kwanza umepanda sauti nusu ya unywele.
Nimelegeza ufunguo,
taratibu, usije ukalia.