Riat bila Dumu

Kona ya tatu ya Riat, ukipanda kutoka Kisumu,
mshale wa joto ulikuwa ukisimama
kama mwanafunzi aliyeitwa jina.
Mimi mwalimu wa fizikia nilijua kinachofuata:
boneti juu, mvuke, jiwe nyuma ya gurudumu,
na Nyangweso akivuka barabara na dumu la njano.
Maji shilingi hamsini. Salamu bure.

Feni ya Windom hii haikuwa na waya hata mmoja.
Ilizungushwa na mafuta mekundu
yaliyosukumwa gizani, bomba hadi bomba.
Waliyoiunda walijivunia ukimya wake, nadhani.
Uzeeni ilinung'unika,
ikadondosha machozi kwenye saruji ya kibaraza changu Kiboswa,
doa juu ya doa, hata paka akahama.

Fundi Midenyo wa Kibuye alichovya kidole, akakinusa.
"Elfu sabini. Ya mtumba. Haina dhamana."
Mshahara wangu ulicheka kwanza,
mimi nikafuata.

Jumamosi nikavaa koti la maabara, lile lenye tundu la asidi.
Bolti nne zilitii.
Ya tano ilinikatalia hadi kengele ya chakula cha jioni bwenini,
nikaitukana kwa Kiluo, nikaiomba radhi kwa Kiswahili,
ikalegea.
Pampu nikaiacha palepale:
bomba la kwenda nikaliunga na la kurudi,
mafuta yajizungukie yenyewe bila kufika popote,
kama mkutano wa walimu.

Feni mbili za umeme zilitoka kwa Premio iliyogongwa Ahero.
Vishikizo nilivikata kwenye chuma cha kitanda
kilicholaliwa na vizazi vya kidato cha pili.
Ndara ya bluu, vipande vinne,
ikakaa kati ya chuma na chuma wasigombane.
Rilei. Fyuzi ya ampea arobaini. Waya mnene kama kidole cha mtoto.
Na kando ya usukani, swichi ya ukutani, ya taa ya sebuleni,
ili kihisi joto kikisinzia
mkono wangu uwe na la kufanya.

Miaka kumi na sita nimeuchora mkondo ubaoni,
chanya kwenda hasi, mshale wa chaki.
Sikuwahi kuusikia ukinguruma.

Nikachukua karatasi ya mtihani ya Adoli, alama kumi na tisa,
nikaiweka mbele ya rejeta ivutwe, inate.
Ikaruka! Ikatua kwenye sukuma wiki ya jirani.
Nilikuwa nimebadilisha ncha za waya, mimi,
niliyemkata Adoli alama tatu
kwa kosa hilohilo.

Subira huvuta heri; feni, ukiifunga sawa, huvuta hewa.
Jumatatu nikapanda Riat. Kona ya kwanza, ya pili.
Mshale ukakaa chini ya nusu, umetulia, karibu una kiburi.
Kona ya tatu Nyangweso alikuwa ameshanyanyua dumu.
Nikampita.
Kwenye kioo nikamwona akilishusha polepole,
akiangalia ndani yake
kana kwamba kosa ni la maji.

Nikarudi kinyumenyume, taa zikimweka.
"Inachemka, mwalimu?"
"Haichemki."
"Sasa unasimamia nini?"
Nikafungua boneti, nikabonyeza swichi ya sebuleni.
Akaweka kiganja, akahisi upepo, hakusema neno.
Kisha: "Ile uliyoitoa ulitupa?"
Haikutupwa. Ipo kwenye karai, inatiririsha wekundu wa mwisho.
Akatazama bondeni, kwenye kijito anakoteka,
njia aliyoichonga kwa visigino.

Kinachozungushwa na mafuta,
ukikizungusha wewe, nacho husukuma.
Swali hilo sijawahi kulitunga.
"Kutoka kijitoni hadi hapa ni kimo gani?"
"Mita thelathini. Labda arobaini, kukiwa na jua."
Nikatoa kalamu,
nikageuza karatasi ya Adoli,
nikaanza kukokotoa mgongoni mwake.