Volti Tano

Bodi ya kwanza niliiua mwenyewe, Jumanne,
kwa chaja ya elfu mbili mia tano
ya kwenye turubai, Mtaa wa Kongo,
nyepesi kama ganda la yai.
Umeme ulikatika saa moja, ukarudi saa tatu
kama mgeni asiyejua hodi,
na bodi yangu, isiyofika kidole cha shahada kwa urefu,
ikatoa uzi wa moshi
na harufu ya nywele zilizoungua.

Huku Buza maji hutoka saa tisa usiku,
robo saa, kwa siri,
kisha bomba linapiga mluzi wa hewa.
Nilitaka kitu kikeshe badala yangu:
kihisi bombani, nyaya tatu, kengele chini ya mto.
Nashona sare za shule. Mchana kutwa mguu uko kwenye pedeli.
Usingizi wangu si wa kugawa.

Bodi ya pili niliilipa kwa kola kumi na nne.
Nikaazima chaja ya jirani, Sikitu.
Taa ikawaka, nikashukuru, nikagusa pini
nikiwa pekupeku, sakafu mbichi,
na kidole kikatekenywa.
Sikupigwa. Nilitekenywa tu,
kama sisimizi anayetembea ndani ya ngozi.
Nilimsimulia fundi Nasibu nikicheka.
Yeye hakucheka.
“Huo umeme wa ukutani unakuchungulia.
Humo ndani panatakiwa ukuta.
Wao wameweka pazia.”

Jumamosi nzima nikakalia kigoda chake.
Alinieleza kwa maji, maana maji ndiyo kilio changu:
volti ni kimo cha mnara uliobeba tanki,
ampea ni kile mtu anachochota.
Mnara ukizidi kimo, bomba linapasuka.
Tanki likizidi ukubwa, nani analazimishwa kunywa?
Basi ampea zizidi, hazikudhuru kitu;
volti ndizo usizikosee.

Akanionyesha adapta ya king'amuzi, volti kumi na mbili,
kichwa cha duara, saizi ileile ya tundu la bodi yangu.
Ikaingia vizuri, bila kulazimishwa.
“Ndiyo maana inaua,” akasema, akaichomoa kabla ya swichi.
Kuingia si kukubaliana.
Hilo nililijua tangu ndoa yangu ya kwanza,
lakini sikumwambia.

Tukajaribu pawabenki.
Salama, haina undugu na ukuta.
Lakini bodi yangu inakunywa kidogo mno:
nusu dakika tu, pawabenki ikadhani hakuna mtu,
ikazima taa zake, ikalala.
Nimekaa vikao vya ukoo vya namna hiyo.
Niliomba kidogo, ikadhaniwa sipo.

Nilichokitafuta Kariakoo kilikuwa kwenye droo ya cherehani,
chini ya vifungo na mkasi butu:
chaja ya simu iliyokwisha kuibiwa,
nzito kama jiwe la mizani, maandishi yake bado yanasomeka.
Nasibu akaipima: tano nukta moja.
Akaitwisha mzigo wa balbu ndogo: tano kamili.
Akaiweka sikioni, haikulalamika.
Baada ya saa mbili akaniwekea kiganjani.
Vuguvugu, kama chapati ya jana iliyopashwa.
“Hii,” akasema. Akakataa hela, akakubali suruali ipunguzwe.

Nimeichomeka juu, karibu na dari,
mbali na ndoo, mbali na mikono ya watoto wa Sikitu.
Waya mrefu, mwembamba, unashuka hadi bombani
ukiwa na volti tano tu za kusema.

Saa tisa na dakika saba kengele ikalia.
Nikatoka na ndoo, nikashika koki
nikingoja sisimizi.
Baridi tu. Chuma tu. Maji
yakaanza kwa kikohozi, kisha yakakumbuka njia.
Ilikuwa ndoo ya tatu nilipotazama chini
nikaona sikuvaa kandambili.