Mabeleshi Mawili

Theluji ya Gdańsk imeziba ngazi.
Bogumił anaikwangua kwa beleshi,
fundi wa kuchomelea meli,
aliyewahi kunywa hata spiriti ya kusafishia chuma.
Mwaka wa tisa sasa. Hautangazi.

Chini ya kanisa anapanga viti, anachemsha chai;
kiti kimoja hukiacha mlangoni
kwa anayetaka kukimbia.

Leo amekikalia Ziemowit,
kijana, mikono ikimtetemeka, chai ikimwagikia magotini.
"Sijui kusali."
"Wala mimi."
Bogumił anakishika kikombe pamoja naye
kwa vidole vyenye makovu ya cheche.
Wanakunywa hivyo, mikono minne, funda kwa funda.

"Mimi huzoa theluji," anasema,
"Mungu akishuka, asiteleze.
Kesho wahi. Mabeleshi yapo mawili."